Kumbukumbu Nayo Ni Uwanja wa Mapambano: Filamu ya American Graffiti Ikitazamwa Kutoka Tabora

Utangulizi

Katika mapambano ya fikra hakuna chombo kilicho kidogo. Kitabu, wimbo, gazeti na filamu hubeba mtazamo wa tabaka fulani, hata pale mtunzi wake anapoapa kwamba nia yake ilikuwa kuburudisha tu. Makada wetu wamezoea kuichambua hotuba ya mpinzani neno kwa neno, lakini filamu huiacha ipite mlangoni kama mgeni wa heshima, ikaketi, ikala, na ikaondoka ikiwa imekwisha kuwafundisha vijana nini cha kutamani na nini cha kusahau.

Makala haya yanachambua filamu moja ya Marekani, American Graffiti, iliyoongozwa na George Lucas na kutolewa Agosti 1973. Tumeichagua kwa sababu tatu. Kwanza, ni filamu iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa. Haina vita wala jeshi la kibeberu linaloshangiliwa, na kwa hiyo itikadi yake haionekani kwa haraka. Pili, ni filamu iliyozaa mtindo mzima wa kuuza ujana uliopita kama bidhaa. Tatu, maradhi inayoyaeneza, yaani kuyapamba ya kale hadi yakapoteza ukweli wake, ni maradhi yaliyomo ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Tunaitazama kutoka Tabora kwa makusudi. Katika njia ya kale ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, habari ya kijana, safari na chombo cha safari ilikuwa kongwe kabla gari la kwanza halijatengenezwa. Mahali hapa panatupa kipimo chetu wenyewe, na asiye na kipimo chake hupimiwa na wenzake.

Filamu Yenyewe

Hadithi yote hutokea katika usiku mmoja, mwishoni mwa majira ya joto ya mwaka 1962, katika mji wa Modesto, jimbo la California. Vijana wanne wamekutana. Curt na Steve wanatarajiwa kupanda ndege asubuhi kwenda chuoni, mashariki ya nchi. Curt amepewa msaada wa dola 2,000 kwa ajili ya masomo, lakini moyo wake unasita. Terry, ambaye wenzake humdharau, amekabidhiwa gari la Steve, Chevrolet Impala nyeupe, na kwa usiku mmoja anajiona mtu. John Milner ana umri wa miaka 22. Haendi chuoni, anafanya kazi ya ufundi wa magari, na sifa yake yote mjini ni kwamba hakuna aliyewahi kuishinda Ford yake ya manjano ya mwaka 1932 iliyoongezewa nguvu.

Usiku kucha wanazunguka na magari barabara ileile, kwenda na kurudi. Wanaitana madirishani, wanatafuta wasichana, wanasimama kwenye mgahawa ambapo wahudumu waliovaa viatu vya magurudumu huwaletea chakula garini. Redio za magari yote zimefunguliwa kituo kimoja, na sauti ya mtangazaji Wolfman Jack inawafunika wote kama dari. Nyimbo zaidi ya 40 za wakati ule zinapita masikioni. Alfajiri kunafanyika mashindano ya magari. Gari la mpinzani wa Milner linapinduka na kuwaka moto, ingawa waliomo wanatoka wazima. Steve, aliyekuwa na hamu ya kuondoka, anabaki. Curt, aliyesita, anaondoka.

Kisha yanatokea maandishi. Tunaambiwa kwamba Milner aliuawa na dereva mlevi Desemba 1964. Terry alitoweka vitani karibu na An Lộc, huko Vietnam, Desemba 1965. Steve ni wakala wa bima Modesto. Curt ni mwandishi na anaishi Kanada. Filamu imekwisha.

Haki Yake Tumpe

Mhakiki anayekataa kuona uzuri wa kazi ya adui hawezi kueleza kwa nini kazi hiyo inawavuta watu. Lazima tukiri kwamba Lucas alikuwa anaijua habari yake. Alizaliwa Modesto mwaka 1944, na mnamo Juni 1962 yeye mwenyewe nusura afe katika ajali ya gari. Ndiyo maana magari katika filamu hii yana maisha. Kila gari linamweleza mwenye nalo: tajiri wa mji, mtoto wa shule, mhuni, mwanamke mrembo katika Thunderbird nyeupe ambaye Curt anamtafuta usiku kucha bila kumpata.

Kipo pia kipande ambacho tunakihesabu kuwa ndicho kiini cha kazi nzima. Milner anampeleka binti mdogo, Carol, kwenye uwanja wa mabaki ya magari, na katikati ya vyuma vilivyopondeka anamweleza nani alikufa katika gari lipi. Hapo mfanyakazi wa gereji anajua jambo ambalo watoto wa chuo hawalijui. Anajua kwamba mchezo huu una bei, na kwamba barabara yake inazidi kuwa fupi kila mwaka. Kama filamu ingebaki na Milner katika uwanja ule na kuuliza maswali yake hadi mwisho, tungekuwa na kazi ya kimapinduzi mikononi. Haikubaki. Iliwasha gari ikarudi kwenye muziki.

Yaliyofichwa

Hebu sasa tuangalie kilichoachwa nje ya kioo cha gari.

La kwanza ni kazi. Mji wa Modesto umo katika bonde kubwa la kilimo. Matunda, mboga na zabibu za bonde lile huvunwa na mikono ya vibarua, wengi wao wenye asili ya Meksiko na Ufilipino. Mwaka uleule wa 1962, katika bonde lilelile, mjini Fresno, César Chávez na Dolores Huerta na wenzao waliunda chama cha wafanyakazi wa mashambani. Mwaka 1973, filamu ilipokuwa inaanza kuonyeshwa, wafanyakazi wa mashamba ya zabibu California walikuwa kwenye mgomo mkali na mamia kwa mamia walikuwa wanatiwa mbaroni. Kampuni ya mvinyo ya Gallo, ambayo makao yake makuu yako Modesto penyewe, ilikuwa mmoja wa wapinzani wakubwa wa chama hicho, na mwanzoni mwa 1975 wafanyakazi waliandamana kwa miguu kutoka San Francisco hadi mji huo. Kwa hiyo Modesto ilikuwa na barabara mbili: moja ya vijana kuzunguka kwa magari, nyingine ya wafanyakazi kutembea kwa miguu. Filamu imetuonyesha moja.

La pili ni chimbuko la anasa yenyewe. Mwaka 1962 galoni ya petroli Marekani iliuzwa kwa senti zipatazo 30. Barabara kuu zilikuwa zinajengwa kwa fedha za umma chini ya sheria ya mwaka 1956 iliyoidhinisha maili 41,000. Ujana ule uliojiona huru ulikuwa umebebwa na mafuta ya bei ya kutupa, na filamu inayachukulia mafuta kama mtu anavyochukulia hewa. Miezi miwili tu baada ya kutolewa kwake, Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilisimamisha mauzo ya mafuta kwa Marekani, na kufikia Januari 1974 bei ya pipa ilikuwa imepanda kutoka dola zipatazo 3 hadi karibu dola 12. Historia yenyewe ikawa mhakiki wa kwanza wa filamu hii.

La tatu ni mwanamke. Rudini kwenye yale maandishi ya mwisho. Wanaume wanne wanapewa hatima. Laurie, aliyekuwamo ndani ya gari lililowaka moto, hana hatima. Debbie hana. Carol hana. Wahakiki wa Marekani wenyewe, akiwamo Pauline Kael, walilisema jambo hili mapema. Sisi tunaongeza kwamba huku si kusahau kwa bahati mbaya: katika kumbukumbu za namna hii mwanamke ni abiria, na abiria haulizwi safari iliishia wapi.

La nne ni Mwafrika wa Marekani. Muziki unaoendesha filamu nzima umetoka katika jasho na maumivu ya watu weusi, na sehemu kubwa ya nyimbo zile imeimbwa na wao. Sauti zao zimejaa magari yote, lakini wenyewe hawamo katika hadithi. Mwanzoni mwa Oktoba 1962, wiki chache tu baada ya usiku ule wa kubuni, James Meredith aliandikishwa Chuo Kikuu cha Mississippi chini ya ulinzi wa askari, watu wawili wakiwa wameuawa katika ghasia za kumzuia. Huyo naye alikuwa kijana aliyekuwa anakwenda chuoni.

Basi tunapata swali la msingi. Kwa nini mwaka 1973 watu walilipa fedha nyingi kuutazama mwaka 1962? Filamu iligharimu chini ya dola 800,000, ikaingiza zaidi ya milioni 100. Jibu ni kwamba jamii ile ilikuwa inatoka Vietnam kwa aibu, viongozi wake walikuwa wanaumbuka katika kashfa ya Watergate, na ilikuwa inahitaji kuambiwa kwamba zamani ilikuwa safi. Ubepari ukiishiwa na ahadi za kesho huuza jana. Na soko lilipoonekana, bidhaa ziliongezeka: Januari 1974 ulianza mchezo wa televisheni wa Happy Days, mwaka 1979 ikatolewa filamu ya pili, na biashara hiyo haijafungwa hadi leo.

Marekani na Tabora: Uhusiano wa Zamani

Huenda ndugu msomaji akauliza: haya yanatuhusu nini sisi wa huku? Jibu liko kwenye nguo.

Katika karne ya 19 fedha iliyotembea katika njia ya misafara haikuwa sarafu tu. Ilikuwa shanga, waya na nguo, na nguo iliyotakiwa kuliko zote kwa muda mrefu ilikuwa merikani. Jina lake linataja lilikotoka. Nguo hii ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikapakiwa katika meli za Salem, ikashushwa Unguja. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Seyyid Said ulitiwa sahihi mwaka 1833. Pamba ya viwanda hivyo ililimwa na watumwa wa Kiafrika kusini mwa Marekani. Mpagazi wa Kinyamwezi alilipwa, na kununua posho yake njiani, kwa nguo iliyotokana na pamba iliyochumwa na ndugu zake waliofungwa minyororo ng'ambo ya bahari. Nao pembe za ndovu alizobeba mabegani, sehemu kubwa ilikwenda Connecticut kutengenezewa vibao vya piano.

Tunayakumbusha haya ili kijana wa Tabora asidhani kwamba utamaduni wa Marekani ulimfikia juzi kwa njia ya simu. Ulimfikia babu yake kama nguo. Tofauti ni kwamba babu aliijua bei ya nguo ile, kwa kuwa aliilipia kwa bega lake. Filamu inakuja kana kwamba ni ya bure.

Safari Iliyomkomaza Kijana

Watu wa Unyamwezi walikuwa na shule yao ya utu uzima, nayo ilikuwa njia. Kijana aliyekuwa hajafika pwani alihesabika kuwa bado mtoto katika mambo mengi. Safari kutoka Tabora hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 800 kwa miguu, na mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha ratli 60 hadi 70. Walikuwapo watumwa katika misafara, na hilo tusilifiche hata kidogo. Biashara ya binadamu ilipita njia hiihii. Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliouza nguvu yao ya kazi. Walipatana ujira, walijua kugoma, na waliweza kuutua mzigo na kumwacha tajiri porini pale alipovunja mapatano. Wanawake walisafiri pia, wakibeba na kupika. Mbele alikwenda kirangozi, ambaye heshima yake ilitokana na kuijua njia.

Hebu sasa tulinganishe. Kijana wa Modesto anakua kwa kuzunguka: anaanzia hapa, anarudi hapahapa, na kinachomchosha ni usingizi. Kijana wa Unyanyembe alikua kwa kwenda: alitoka, akabeba, akaona bahari, akarudi na nguo, maneno mapya na kovu begani. Wa kwanza chombo kilimbeba. Wa pili alikuwa yeye mwenyewe chombo.

Lakini tusiipambe njia ya misafara kama Lucas alivyoipamba barabara yake. Faida kubwa ya pembe ilikwenda kwa matajiri wa pwani na ng'ambo. Na historia iliyofuata inafundisha jambo moja kwa ukali. Reli ya kati, iliyoanzia Dar es Salaam, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ilimtua mpagazi mzigo, ikamnyang'anya na ujira. Vita ya kwanza ya dunia ikambebesha tena kwa nguvu, Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji kila mmoja kwa zamu yake. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916. Kisha vijana wa Tabora wakapanda treni na malori kwenda kukata mkonge kama manamba. Miguu, treni, lori: chombo kilibadilika kila kizazi, lakini mwenye chombo, mwenye njia na mwenye mzigo hakuwa kijana. Hilo ndilo swali ambalo American Graffiti haithubutu kuliuliza, nasi hatuna ruhusa ya kuliacha: gari ni la nani, barabara ni ya nani, mafuta ni ya nani?

Mwaka 1962 kwa Upande Wetu

Tangazo la filamu lilimwuliza mtazamaji alikuwa wapi mwaka 1962. Ni swali zuri, nasi tulijibu kwa upande wetu.

Mwaka 1962 Tanganyika ilikuwa na miezi michache ya uhuru. Januari Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora tangu 1937 hadi 1943 na kisha akafundisha hapo katika shule ya St. Mary's, alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge Chama. Nafasi yake ilichukuliwa na Rashidi Kawawa, ambaye naye alipata kusoma Tabora. Na hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui: Kawawa alikuwa mchezaji wa filamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliongoza uchezaji katika Muhogo Mchungu, filamu ya Kiswahili iliyotengenezwa chini ya serikali ya kikoloni na kampuni ya Afrika ya Kusini, inayohusu kijana wa shamba anayeingia Dar es Salaam na kukutana na wajanja wa mji. Mkoloni alitaka kijana abaki mahali pake. Mchezaji hakubaki mahali pake. Alikwenda kwenye chama cha wafanyakazi, kwenye TANU, na hatimaye kwenye uongozi wa nchi.

Tabora yenyewe ilikwisha kuingia katika historia Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU ulipofanya ule uamuzi wa busara wa kushiriki uchaguzi wa kura tatu. Kwa hiyo usiku uleule ambao Curt alikuwa anajiuliza kama aondoke nyumbani, vijana wa huku walikuwa wanajiuliza nchi yao iondoke wapi na iende wapi. Kukua kwao na kukua kwa taifa kulikuwa kitu kimoja. Utajiri huu wa kihistoria bado unasubiri filamu yake.

Kukataza Si Kuhakiki

Wapo watakaosema kwamba dawa ya filamu kama hii ni kuizuia. Tunayo tajriba ya jambo hilo. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na mawigi, na Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Mwaka 1976 ikatungwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza. Nia ya kulinda utamaduni wa taifa changa ilikuwa ya haki. Lakini marufuku inamwambia kijana aache, haimwambii kwa nini, na asiyeambiwa kwa nini huendelea chumbani. Leo filamu hii na nyingine elfu moja ziko ndani ya simu ya mwanafunzi. Bodi haiwezi kukaa mfukoni mwa kila mtu. Kinachoweza kukaa humo ni akili iliyofundishwa kuuliza maswali.

Tukumbuke pia kwamba habari ya gari haikuwa mbali nasi hata wakati ule. Wananchi walibuni neno wabenzi, kwa maana waliona tabaka likizaliwa ndani ya viti vya ngozi. Azimio la Arusha la 1967 na Mwongozo wa 1971 vilitungwa kwa sababu hatari ya kiongozi kujitenga na watu ilionekana kwa macho. Na bei ya mafuta ilipotupiga baada ya 1973, magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Marekani walitengeneza filamu kuhusu kuendesha gari bila sababu. Sisi ilitubidi kuuliza sababu ya kila lita.

Zilipendwa Zetu

Tumefika mahali pagumu, na kada mwaminifu hapaswi kupakwepa. Je, sisi hatuna American Graffiti yetu?

Tunayo. Muziki wa Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz uliifanya Tabora mji wa dansi uliojulikana nchi nzima. Leo nyimbo hizo huitwa zilipendwa, na redio ikizipiga mzee hufumba macho na kusema kwamba enzi zile kulikuwa na adabu, undugu na viongozi wasafi. Makada nao wana zilipendwa zao: hukumbuka mikutano, magwaride na nyimbo za Chama, na husema "enzi za Mwalimu" kwa sauti ileile ambayo Wolfman Jack aliitumia kutangaza santuri.

Hatusemi kwamba enzi hizo hazikuwa na ukuu. Zilikuwa nao. Tunasema kwamba kumbukumbu isiyo na maandishi ya mwisho ni uongo. Basi tuyaandike. Tuchukue, kwa mfano tu na bila majina, vijana wanne wa Tabora waliokuwa na umri wa miaka 18 mwaka 1962. Mmoja aliingia Jeshi la Kujenga Taifa lilipoanzishwa mwaka 1963, kisha akawa askari, na hakurudi kutoka vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Mmoja alifanya kazi relini, akaiona Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikivunjika mwaka 1977 na mabehewa yakizidi kuchakaa. Mmoja alilima tumbaku Urambo, akahamishwa katika operesheni ya vijiji kati ya 1973 na 1976, akapata shule na zahanati karibu, akapoteza miembe ya baba yake. Wa nne alikuwa msichana. Alisoma, akawa mwalimu, na baada ya Azimio la Musoma la 1974 alifundisha darasa la watoto waliozidi madawati mara mbili, kisha jioni akawafundisha watu wazima, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akapanga foleni ya sabuni na sukari. Huyo ndiye aliyelibeba taifa, na ndiye ambaye nyimbo za zilipendwa zinamtaja kama mrembo tu.

Ndani ya hatima hizo nne mna mafanikio na mna makosa, yamefungamana kama kamba. Anayekumbuka mafanikio peke yake anajidanganya. Anayekumbuka makosa peke yake anamtumikia adui. Na wote wawili wanawanyima vijana kitu wanachokihitaji kuliko sifa: maelezo ya nini kilijaribiwa, nini kilishindikana, na kwa sababu gani.

Kijiweni

Kijana wa Tabora wa leo naye ana chombo. Ni pikipiki. Nenda kijiweni usiku, utaona mambo ambayo Lucas angeyatambua: taa zilizopambwa, muziki, majina ya utani, masihara na wasichana, mbio za kuonyeshana. Lakini tofauti moja inabadilisha kila kitu. Pikipiki hii iko kazini. Kijana amechukuliwa kwa mkataba. Kila siku anapeleka hesabu kwa mwenye chombo, na kinachobaki ndicho chakula. Akianguka, hesabu haianguki naye. Uwanja wa mabaki ambao Milner alimwonyesha Carol, sisi tunauona katika wodi za mifupa.

Huyu ni mjukuu wa mpagazi kuliko alivyo ndugu wa Curt. Tena mpagazi yule alikuwa na kirangozi na wenzake wa kugoma nao. Huyu mara nyingi yuko peke yake na mwenye mali. Wakati huohuo njia kubwa zinafunguliwa tena kandokando yake. Reli ya kisasa inaelekea Tabora na kwenda Mwanza na Kigoma. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita katika mkoa wa Tabora, na kiwanda cha kuyawekea mabomba yake kinga ya joto kilijengwa Sojo, wilayani Nzega. Mafuta yale ambayo vijana wa Modesto waliyachukulia kama hewa sasa yanatengewa njia chini ya ardhi iliyokanyagwa na wapagazi. Swali ni lilelile: kijana wa hapa atakuwa nani katika njia hii? Mbeba mzigo, mtazamaji wa vumbi, au mwenye sauti?

Hitimisho

American Graffiti ni kazi nzuri ya sanaa na ni mwalimu mbaya. Inafundisha kwamba ujana ni usiku mmoja, kwamba historia ni ajali inayokuja baadaye katika maandishi madogo, na kwamba chombo hakina mwenyewe. Kwa hiyo kazi zilizo mbele yetu ni hizi.

Kwanza, matawi ya Chama na vikundi vya wanafunzi vizitazame filamu hizi pamoja na kuzijadili: nani anafanya kazi, nani hana jina, nani analipia mafuta.

Pili, wanafunzi wa Tabora wakusanye kumbukumbu za madereva wa malori, mafundi wa reli, wanamuziki, walimu wa elimu ya watu wazima na wajukuu wa wapagazi, kabla hawajatutoka. Wanawake waulizwe kwanza, kwa kuwa ndio waliosahauliwa kwanza.

Tatu, wasanii wetu wa filamu wapewe nyenzo za kutengeneza usiku mmoja wa Tabora, kijiweni, wenye vicheko vyote na hesabu zote, na hatima ya kila mmoja iandikwe mwishoni, ya msichana ikiwa mojawapo.

Nne, na hii ndiyo inayozishinda zote, ushirika wa waendesha pikipiki usiwe neno la hotuba. Kijana anayemiliki chombo chake pamoja na wenzake hatahitaji filamu ya kumwambia kwamba yuko huru. Kada atakayekwenda kijijini au kijiweni na zilipendwa peke yake atasikilizwa kwa adabu, kisha vijana watawasha pikipiki zao waende zao. Aende na daftari la hesabu, akae nao, waanze kupiga hesabu pamoja.